Kwa vijana wetu mnaopanda kuja nyumbani Machame, Kilimanjaro, Krismasi hii

Wanangu na wajukuu zangu, mlioko Dar, Arusha, Mwanza na kwingine, hamjambo. Naona grupu la ukoo limeshachangamka, michango ya ng'ombe, nani analeta spika, nani anapitia Moshi mjini kuchukua soda, sawa tu, njooni, kihamba, hili shamba letu la ukoo, bila nyie Desemba kinapooza na mimi nyama sijaikataa hata siku moja.

Ila mmebishana humo kwamba tarehe 25 ni ya wapagani kwaiyo Krismasi haina maana. Jamani, Biblia haitaji tarehe, someni Luka 2 yote hamtaiona. Tarehe 25 Desemba tunaikuta kwenye kumbukumbu za Roma za mwaka 354, huko mashariki wengi walikuwa wanaadhimisha Januari 6 na Waarmenia mpaka leo wako hapo hapo, Wakopti wa Misri na Waethiopia wao ni Januari 7, na hakuna anayewaambia hao sio Wakristo. Sasa mbona nyie mnagombania tarehe?

Cha kubishania kiko Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Hebu lifikirieni hilo neno polepole, Mungu ananyonya, Mungu anabadilishwa nguo, analia usiku mama mtu hajalala, na kitanda chenyewe ni hori la mifugo. Kama unaliamini hilo basi huwezi tena kumdharau mwili wa mtu yeyote, hata yule bibi wa pale kona ambaye watoto wake hawapandi kuja nyumbani siku hizi, nyie mnampita na magari vumbi lote linamwishia yeye. Kama huliamini, sawa, kula nyama, ila usiniambie umesherehekea Krismasi.

Na ibada sasa. Mnafika usiku wa tarehe 24 mmechoka, mkesha hamji, kesho yake mnaingia kanisani sadaka inatolewa, afu kwenye mnada wa ndizi hapo nje ndio mnaamka kweli kweli, mkungu mmoja unapandishwa bei mpaka mchungaji anacheka (hela inasaidia usharika, silalamiki sana). Tarehe 26 alfajiri mnawahi barabara. Ila hiyo 26 kwenye kalenda ya kanisa ni siku ya Stefano aliyepigwa mawe, na 28 ni ya wale watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode wakati Yusufu ameshakimbia usiku na mtoto na mama yake kwenda Misri. Sidhani zimekaa karibu hivyo kwa bahati tu. Aliyezaliwa horini alianza kuwindwa akiwa mchanga, na anayeondoka baada ya pilau hiyo sehemu haisikii.

Kwaiyo mwaka huu mkesha tunakwenda wote, na wenye suti na wenye kandambili. Kabla ng'ombe hajagawanywa mtoto mmoja atusomee Luka 2, sio laivu, simu mfukoni, na fungu la kwanza la nyama liende kwa yule bibi kabla ya mgeni yeyote wa mjini.

Mwenye kuweza kubaki mpaka tarehe 28 aniambie mapema, paa la yule bibi wa kona linavuja upande wa jikoni, mabati nimeshanunua, watu wa kupanda juu ndio sina.