Kwa mliostaafu na mnataka kuchonga: mpingo uacheni kwanza

Wadogo zangu mliostaafu juzi na jana,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Sasa nisikilizeni, maana nimekereka.

Nimeliona jambo hili hadi limenichosha. Mtu anaagwa kazini, anatangaza kwamba sasa atajifunza kuchonga vinyago, na watu wanapiga makofi. Jambo zuri kabisa. Lakini kitu cha kwanza anachokitafuta ni gogo la mpingo. Haupiti muda, kisu kimevunjika ncha, kidole gumba kimefungwa bendeji, na gogo limekuwa la kuzuia mlango usifunge. Ukimuuliza, anakwambia hana kipaji. Kipaji gani hicho kilichopimwa kwa mti ambao hata fundi anauendea kwa heshima?

Nina hakika tatizo ni cheo. Alikuwa mkurugenzi, basi na mti uwe wa hadhi yake. Anaona aibu kukutwa na kipande cha tawi jeupe lisilo na jina, wakati cheo kilishabaki ofisini pamoja na kiti.

Mita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa takriban kilo 1,200. Ya maji ni 1,000, ndiyo maana mpingo unazama, na kwa kisu ni mgumu hivyohivyo. Wamakonde wanauchonga mnavyouona kwa sababu wengi wao walikaa chini ya mkono wa wakubwa wao tangu wadogo, na wana tezo na patasi zilizonolewa kwa kazi hiyo. Tena mti huo huchukua miaka 70 na zaidi kukomaa, na tangu mwaka 2017 jenasi yake nzima, yaani kundi la miti ya ukoo wake, Dalbergia, iko chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa wa CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Mti uliosubiri umri wa babu yako, wewe unauharibu katika somo la kwanza?

Na asiwadanganye mtu kwamba mti laini ni wa watoto. Mjerumani Tilman Riemenschneider, aliyefariki mwaka 1531, alichonga watakatifu wa madhabahuni kwa linden, mti laini wa Ulaya, na mchongaji Grinling Gibbons akautumia mti huohuo Uingereza kuchonga maua na majani membamba. Linden una uzito wa karibu nusu ya maji, na nyuzi zake ni ndogo na zimetulia, hivyo kisu hakivutwi huku na kule. Kama kwenu haumei, tafuteni wenye tabia hiyo. Mjakaranda, kwa mfano, unachongeka vizuri.

Jina la mti lisiwasumbue sana. Bonyeza ukucha ubavuni mwa kipande: ukiacha alama bila kujikaza, huo ni wako. Tazama nyuzi, ziwe zimenyooka toka ncha hadi ncha. Kifundo kikubwa kikionekana, weka chini. Ukikata kukatisha nyuzi zikabonyea badala ya kukatika, basi ama mti ni laini kupita kiasi kama balsa, ama kisu ni butu. Noa kisu kwanza kabla ya kuutukana mti.

La pili, na hapa wengi hushangaa: anzeni na mti mbichi. Mti uliokatwa karibuni una maji, na maji hayo yanaulainisha. Mikono yenye baridi yabisi itawashukuru. Shida yake ni kupasuka. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, mti unaanza kusinyaa, na kuzunguka gogo unasinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda gome. Gogo zima haliwezi kuvumilia mvutano huo, lazima lichanike. Kwa hiyo lipasueni katikati siku hiyohiyo, mkiondoe kiini, na ncha mzipake nta au rangi ili maji yasitokee huko kwa haraka. Mwiko wa kupikia mliokwisha kuupa umbo ufunikeni na vumbi na maganda yake mwenyewe ndani ya mfuko wa karatasi, ukauke polepole. Msiuanike juani! Nimesema msiuanike juani.

Na mti mbichi uko wapi? Uko kila mahali watu wanapopunguza matawi. Hapa ndipo jamii inaponikera. Tawi nene kama paja linaanguka kwa upepo, linakatwakatwa na kuchomwa moto jioni ileile, moshi unawasonga majirani. Kesho yake mwenye tawi yuko dukani ananunua kipande cha mbao kilichofungwa nailoni. Tumezoea kuamini kwamba kisicholipiwa hakifai. Na wazee tunatazamwa kwa jicho hilohilo, lakini hilo nitaliacha, nisije nikalia.

Kwa yaliyobaki sina maneno mengi. Msonobari una mistari migumu na milaini ikipishana, kisu kitaruka. Usiwe wa kwanza. Mbao za zamani za uzio au nguzo msiziguse, nyingi zilitiwa dawa yenye aseniki. Za paleti ziangalieni muhuri: HT zilipashwa moto, MB zilifukizwa gesi ya sumu, ziacheni. Oleanda, ule wa maua ya bustanini, una sumu mti mzima, usichonge mwiko wake. Utomvu wa mnyaa unaweza kuumiza macho vibaya.

Mkifika kwenye msasa, vaeni barakoa na mfanyie kazi nje. Vumbi la mbao liliwekwa na watafiti wa kimataifa wa saratani katika orodha ya visababishi vyake mwaka 1995, na mapafu yetu hayana akiba ya ujana. Wenye pumu chongeni kwa kisu tu, juu ya mti mbichi, msasa msiushike kabisa.

Wenu,
Mzee mwenzenu