Kwa vijana wa Tanga mnaotaka kupanga stesheni

Wajukuu zangu,

Assalaam aleykum, na msioitikia hivyo, hamjambo.

Habari zenu nimezipata kwa mjukuu wangu. Mko sita au saba, wengine mmemaliza kidato cha sita, wengine mko chuoni, na mnataka kazi ya kupanga reli, stesheni na stendi za mabasi. Kanionyesha na michoro yenu ya kompyuta, mapaa ya vioo yanang'aa kama yako Ulaya. Mapaa nimeyaona, mazuri. Sikuona mtu hata mmoja mwenye mzigo.

Hapo ndipo nina neno na nyinyi.

Nimefanya kazi za usafirishaji zaidi ya miaka 30, na nilianza kwa kuhesabu abiria kwa penseli. Mwaka wa kwanza nilitumwa kwenye stendi moja nihesabu wanaoingia na kutoka, ili ijulikane mlango mpya uwe na upana gani. Nikahesabu siku saba, alfajiri mpaka usiku, nikapeleka jedwali safi. Mkubwa wangu akalitazama, akauliza, "Umehesabu watu au umehesabu mwezi?" Ilikuwa Ramadhani. Saa kumi jioni jedwali lilifurika, kila mtu anakimbilia futari. Saa kumi na mbili na nusu halikuwa na mtu. Asubuhi nayo ilipooza, mji umelala baada ya daku. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga, na wazo hilo halikunijia! Nilirudia kazi yote baada ya Idi, na safari hiyo siku za gulio nikaziandika peke yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwenye njia bapa ya upande mmoja, wapangaji wa reli ya chini ya ardhi ya London huweka watu 50 kwa dakika kwa kila mita ya upana. Kwenye ngazi huweka 35. Basi treni ikishusha watu 600 na lango lina mita 2, kwa karatasi ni dakika 6. Sasa ileteni treni hiyo Tanga. Huyu ana kapu la machungwa ya Muheza, yule ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na hapo hapo langoni bodaboda wanaita, "Wapi mama, wapi?" Mita 2 zimebaki moja, dakika 6 zimekuwa 12, na ngazi sijazitaja. Bodaboda msiwalaumu. Aliyechora hakuwawekea pa kusimama.

Kuna binti alikuja kwetu kujifunza kazi. Tulikuwa wanaume sita tumeinamia mchoro, akatuuliza: mama akifika dirisha la tiketi, kapu analiweka wapi wakati anafungua pindo la kanga atoe pesa? Tukatazamana. Tukaongeza rafu fupi ya zege chini ya kila dirisha, na foleni ikaanza kwenda. Kwa hiyo mabinti mlio kwenye kundi hilo, msingoje kuulizwa.

Ratiba ya treni nayo ichoreni kwa mkono kabla ya kuikabidhi kwenye programu. Chukueni karatasi ya miraba. Saa ziende kwa mlalo, stesheni zipande kwa wima: Tanga chini, kisha Muheza, Korogwe, Mombo. Kila treni ni mstari wa mshazari. Reli yetu ni ya njia moja, kwa hiyo mistari miwili ikikatana, pale lazima pawe na stesheni yenye njia ya kupishania. Ikikatana katikati ya pori, umeshagonganisha treni, na shukuru ni kwenye karatasi. Tuseme baina ya sehemu mbili za kupishania treni hutumia dakika 40, na humo huingia treni moja tu kwa wakati mmoja. Kwenda na kurudi ni 80. Kwa saa 24 hupati zaidi ya jozi 18 za treni, hata ukinunua vichwa vya treni mia. Siku nilipolielewa hilo niliacha kulilia mabehewa, nikawa nalilia njia za kupishania.

Historia ya reli hii mnaijua ya shuleni. Wajerumani waliianza hapa Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika nchi yote. Kampuni ikaishiwa pesa ikiwa Muheza, serikali yao ikaichukua mwaka 1899, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi ndiyo 1911. Ilifuata mashamba na bandari. Abiria alikuwa wa nyongeza. Mpaka ilipojengwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi, mwaka 1963, reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa hazijaungana.

Na leo? Stesheni ya treni iko mjini, stendi kuu ya mabasi iko Kange. Safari yenyewe mnaijua: umeshuka na mizigo, umechoka, ndiyo kwanza unaanza kupatana na mwenye bajaji akufikishe Ngamiani. Sisemi stendi ingebaki katikati ya mji, mabasi makubwa nayo ni mateso. Nasema nauli ile inatoka mfukoni mwa abiria, na kwenye hesabu za miradi mingi niliyopitia haikuandikwa popote. Wenyewe husema Tanga waja leo waondoka leo. Kwa nauli ile mtu anaweza kuamua asiondoke. Hata treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, watu wananisimulia kilomita 160 kwa saa. Mimi huwauliza, kutoka kwako mpaka stesheni ulitumia muda gani?

Ya shule sina mengi. Hesabu na jiografia zisiwaponyoke. Mabibo kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, mipango miji iko Chuo Kikuu Ardhi, na Tabora kuna chuo cha reli kwa anayetaka kuanzia kwenye reli yenyewe. Kazi ya kwanza pengine haitaitwa mpangaji. Itaitwa karani wa tiketi, au mhesabu magari, au msaidizi wa mpimaji. Ichukueni. Ila mapatano ya mdomo msikubali. Mimi kuna mtu nilimhesabia magari wiki sita, na mpaka leo namngoja.

Jumamosi nendeni Kange wawili wawili, tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa tatu. Hesabuni wanaokuja kupanda mabasi, na kila mnayeweza kumsimamisha muulizeni ametoka mtaa gani, kaja na nini, na kalipa shilingi ngapi kufika hapo. Andikeni kwenye daftari, simu itazima chaji. Kisha nileteeni barazani baada ya Alasiri, mjukuu wangu anapajua. Kahawa na kashata zitakuwepo. Michoro ya mapaa iacheni nyumbani.

Babu yenu,
Ngamiani, Tanga