Bangi ya tiba ya Wacherokee na kifungu kilichowasahau

Mhariri,

Tarehe 20 Aprili 2024 Wacherokee wa Mashariki, kabila la Wenyeji Asilia wa Marekani, walifungua duka la bangi ya tiba kwenye ardhi yao ya Qualla Boundary, milimani magharibi mwa North Carolina. Wanaolipinga wanasema kwamba jimbo halijaruhusu bangi ya tiba, hivyo kabila nalo halina ruhusa. Hawajauliza ardhi ile ni ya nani. Jimbo halikuwagawia. Waliobaki baada ya wenzao kuhamishwa kwa nguvu mwaka 1838 waliinunua upya, na sasa serikali ya shirikisho inaishikilia kwa dhamana kwa niaba yao. Sheria ya bangi ya tiba ilipitishwa na Baraza la Kabila mwaka 2021, ikaundiwa bodi ya kuisimamia. Septemba 2023 wananchi wa kabila wakapiga kura, na karibu asilimia 70 wakakubali hata matumizi ya watu wazima wasio wagonjwa. Watu wanaojitawala wameamua, tena kwa utaratibu uliokamilika kuliko wa majimbo mengi.

Tatizo lenyewe liko Washington. Tangu Desemba 2014 bajeti ya shirikisho imekuwa na kifungu kinachoizuia Wizara ya Sheria kutumia fedha zake kuingilia mipango ya bangi ya tiba. Kifungu hicho kinataja majimbo kwa majina, pamoja na mji mkuu Washington wenyewe na maeneo kama Puerto Rico. Makabila hayamo. Kuna tundu jingine pia: kifungu kinaifunga Wizara ya Sheria peke yake, ilhali polisi wa Ofisi ya Mambo ya Wenyeji Asilia wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ndiyo maana Septemba 2021 polisi hao waliweza kuingia kwenye nyumba moja huko Picuris Pueblo, ardhi ya kabila iliyo ndani ya New Mexico, wakamfunga pingu mwenye nyumba na kung'oa miche yake tisa, ingawa alikuwa mgonjwa aliyeandikishwa kwenye mpango wa jimbo. Mwaka 2015 kabila la Flandreau Santee Sioux, South Dakota, lilichoma zao lake lenyewe kwa kuhofia kuvamiwa.

Kinachotakiwa ni maneno machache ndani ya kifungu hicho: makabila yanayotambuliwa na serikali ya shirikisho yatajwe, na zuio lizibane wizara zote mbili. Hadi hapo, kila duka la kabila linaendeshwa kwa hisani ya mwendesha mashtaka aliyepo madarakani, na hisani haijengi maabara.

Maabara naitaja kwa makusudi, maana usalama wa mgonjwa unaanzia hapo. Kuvusha sampuli ya bangi kutoka jimbo moja hadi jingine ni kosa la shirikisho, kwa hiyo kabila lililozungukwa na jimbo lisiloruhusu lazima liwe na kila kitu ndani ya mipaka yake: shamba, chumba cha kukaushia, vipimo, ufungashaji na duka. Ardhi ikiwa vipande vipande, gari la mzigo linalazimika kupita barabara ya jimbo, na hapo pasipo makubaliano na sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, dereva anaweza kukamatwa.

Ua la bangi likivunwa, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Matawi hutundikwa kwenye chumba chenye giza, nyuzi joto 15 hadi 18, unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 60, kwa siku 10 mpaka 14, hadi kijiti chembamba kikikunjwa kikatike kwa mlio badala ya kupinda. Mwenye haraka huongeza joto. Ua likauka juu na kubaki bichi ndani, kisha likafungiwa kwenye chupa. Kipimo kinachoitwa shughuli ya maji, yaani maji ndani ya ua ambayo ukungu unaweza kuyatumia, kinatakiwa kisome kati ya 0.55 na 0.65. Kikizidi hapo, ukungu unaota. Pasua ua nene katikati na utauona: nje la kijani na lenye harufu nzuri, kiini kimegeuka kahawia na kina vumbi la kijivu. Ukungu mwingine, Aspergillus, hauonekani kwa macho kabisa. Ni wa jamaa ileile inayoleta sumukuvu kwenye mahindi yetu. Moto wa kuvutia bangi si kinga ya kutegemewa dhidi ya mbegu za ukungu huo, na mgonjwa wa kansa aliyeshushwa kinga na dawa anaweza kuzivuta hadi mapafuni. Mmea huu pia hunyonya metali zenye sumu, kadmiamu na risasi, kutoka udongoni, kwa hiyo udongo upimwe kabla ya kupandwa chochote.

Kuhusu kipimo cha kutumia, sheria ya Wacherokee inamruhusu mgonjwa kununua hadi aunsi moja ya maua kwa siku, yaani gramu 28, isizidi aunsi sita kwa mwezi. Kwa anayeanza, hiyo ni nyingi mno. Kikomo cha kununua si maelekezo ya kutumia, na muuzaji ana wajibu wa kumwambia mteja hivyo. Kinacholiwa huchelewa: nusu saa hadi saa mbili ndipo kifanye kazi, kisha hudumu saa sita na zaidi. Kosa la kila siku ni kula kipande cha pili baada ya dakika 40 kwa kuona "haijashika". Anza na miligramu 2.5 za THC, kemikali ya bangi inayolevya, kisha usiongeze chochote siku hiyo. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, bila kumwambia daktari wake, kwani huweza kuongeza nguvu ya dawa hiyo na kuleta hatari ya kuvuja damu.

La mwisho ni la wasomaji wenu wenye kadi ya ukaaji ya Marekani. Tangu Aprili 2019 mwongozo wa idara ya uhamiaji unasema kwamba kutumia bangi, au hata kufanya kazi kwenye biashara yake, kunaweza kukunyima uraia kwa kigezo cha tabia njema, hata pale sheria ya mahali inaporuhusu. Ardhi ya kabila haibadilishi hilo, wala kadi ya mgonjwa. Mwenye kadi ya ukaaji amuone kwanza wakili wa uhamiaji, halafu daktari, ndipo afikirie safari ya Qualla.

Mfamasia,
Charlotte, North Carolina