Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: Maziwa ya jioni tuyapeleke wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Usagara, wilayani Misungwi, mkoani Mwanza. Duka la hapa njia panda lina friji, na ndani yake kuna pakiti za maziwa ya Tanga na Iringa. Yamesafiri karibu kilomita 1,000 kuja kuuzwa kwa Wasukuma, watu wanaohesabu mahari kwa ng'ombe! Sina ugomvi na Tanga. Wivu ninao.

Nina ng'ombe chotara 4. Maziwa ya asubuhi hayanisumbui, boda anayawahisha Buhongwa, jijini Mwanza. Kilio ni ya jioni. Tanki la kupozea hatuna, hivyo dumu linalala ndani ya beseni la maji. Wiki iliyopita mama mmoja wa mgahawa aliyabandika jikoni mimi nikiwa nimesimama pale. Kuchemka tu, yakakatika mabonge mabonge. Hakunitukana. Alizima jiko, akanirudishia dumu.

Mbegu ya kupandishia ng'ombe nayo ni kizungumkuti. Joto la ng'ombe, yaani muda wa kutaka dume, halimalizi siku. Mwezi Machi nilimpigia mhimilishaji, mtaalamu wa kupandikiza mbegu, alfajiri, akanijibu nitrojeni ya kugandishia mbegu imeisha, nivute subira hadi wiki ijayo. Wiki ijayo ya nini? Joto likipita ni siku 21 nyingine za kulisha bure. Jirani akaniazima dume lake la asili. Ndama akija jike nimerudi nyuma kizazi kizima, kwani zebu, ng'ombe wetu wa asili, akijitahidi sana ni lita 1 au 2 kwa siku.

Nasikia eti maziwa ni ya mikoa ya baridi. Muheza, kulekule Tanga, kuna baridi gani? Kule wafugaji walishikwa mkono miaka mingi: ushirika, vituo vya kukusanyia, kiwanda cha kununua. Huku tunasifiwa wingi wa mifugo, basi. Hata mashudu ya pamba yetu wenyewe, kiangazi hayashikiki bei.

Bodi ya Maziwa ipo kwa Sheria ya 2004. Tunaomba ije Usagara, siyo kwa semina. Hapa barabara ya Shinyanga inakutana na ya Sengerema, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, maziwa ya ng'ambo, upande wa Sengerema, hayasubiri tena kivuko. Tanki moja hapa litahudumia pande zote mbili. Tumeshajiandikisha wafugaji 17, na kiwanja tunacho. Umeme umepita jirani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfugaji wa Usagara