Risala kwa Mwalimu Wetu, Mtunza Daftari la Visima

Mgeni wetu wa heshima, Mwalimu, Mama, uliyefuatana naye leo kama ulivyofuatana naye siku zote, Mwenyekiti wa chama, wanachama mliotoka Kampala na Dar es Salaam na ninyi wa hapa Nairobi, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Mwalimu, kwa desturi risala husomewa mgeni asiyekijua chama, ili aelezwe kimetoka wapi na kinataka nini. Leo tunamsomea mtu anayekijua chama kuliko yeyote aliyemo ukumbini. Kwa hiyo utuwie radhi. Mengi tutakayosema yanawahusu zaidi vijana walioketi nyuma, waliokukuta una mvi tayari, wasiojua chama hiki cha wanajiolojia wa petroli kiliivuka vipi ile miaka ambayo hakuna aliyekuwa na haja nacho.

Chama hakina mshahara wa mtu. Katibu halipwi, mhariri halipwi, anayeongoza safari za nyikani halipwi, na chai ya mikutano hutoka mifukoni mwa waliohudhuria. Hali ni hiyo hata kwa wakubwa wetu: AAPG, chama cha wanajiolojia wa petroli kilichoanzia Tulsa, Marekani, mwaka 1917, hadi leo kamati zake nyingi zinasimama kwa watu wa kujitolea. Wewe umejitolea hapa kwa zaidi ya miaka 30. Umekuwa katibu, umekuwa mweka hazina, umekuwa mhariri wa jarida tangu enzi za stenseli, ulipokuwa ukirudi nyumbani na wino viganjani na bahasha za kupeleka Posta asubuhi.

Vijana, kisima cha kwanza cha kutafuta mafuta nchini Kenya, Walu-1, kilichimbwa mwaka 1960. Tangu hapo visima zaidi ya 30 vilichimbwa, pwani, kaskazini mashariki na Turkana, na hakuna hata kimoja kilichotoa mafuta ya kuuzwa. Mwaka 1992 kampuni ya Shell ilichimba Loperot-1 katika bonde la Lokichar, ikakuta mafuta yenye nta nyingi, lakini si ya kutosha, ikafunga mizigo. Mwaka 2007 Pomboo-1, kwenye kina kirefu cha bahari, kikawa kikavu. Mwaka 2010 Bogal-1, upande wa Isiolo, nacho hakikuleta mafuta. Kila kisima kilipofungwa, kazi zilifungwa pamoja nacho. Waliosomea fani hii wakaenda kutafuta maji ya visima, wengine wakafundisha hesabu sekondari, wengine wakavuka mipaka.

Mikutano ya chama haikusimama hata mwezi mmoja. Tumepekua kumbukumbu zako, Mwalimu, na tumeona jioni moja ambayo mahudhurio yake ni majina manne. Manne, likiwemo la msomaji wa mada na la kwako. Mmoja wa wale wanne yumo ukumbini humu. Anasema ulipanga viti vyote, ukaandika kichwa cha mada ubaoni kwa herufi kubwa, ukamkaribisha msomaji kwa heshima ileile ambayo angepewa mbele ya watu mia mbili. Baadaye ukachapa muhtasari na kuutuma kwa wanachama wote, waliokuja na wasiokuja.

Sasa tuseme habari ya gereji, kwa sababu wengi wenu mmeisikia vipande vipande.

Kisima kinapochimbwa, maji ya udongo hupanda na vipande vidogo vya mwamba uliokatwa chini. Kila baada ya mita kadhaa, vipande hivyo hukusanywa, huoshwa, hukaushwa na kutiwa katika mifuko midogo iliyoandikwa jina la kisima na kina. Mgeni akiviona atadhani ni mchanga wa kumwaga. Kwetu sisi ndiyo barua pekee inayotoka huko chini, na kuipata mara ya pili kunahitaji kuchimba kisima upya kwa mamilioni ya dola. Basi, ofisi moja mjini humu, ambayo haina haja ya kutajwa, ilihitaji chumba, na makasha ya mifuko ya visima vya zamani yakatolewa uani. Mvua za Aprili zilikuwa zimeanza. Mlinzi mmoja, aliyewahi kukuona ukiyachungulia makasha yale kwa kioo chako cha kukuzia, akakupigia simu jioni.

Ulikodi pikapu kwa pesa zako. Ulipakia na huyo mlinzi hadi saa tano usiku. Kwa kuwa chama hakikuwa na stoo, makasha yakaenda nyumbani kwako, kwenye gereji. Gari la nyumba likalala nje. Mama, leo tunalisema mbele ya watu kwa sababu halikuwahi kusemwa: gereji ile ilikuwa imepangwa iwe duka lako. Ulikuwa umeshanunua rafu. Zile rafu ndizo zilizobeba visima vya Kenya kwa miaka kumi na ushee. Mara nyingi mtu anayejitolea hupewa cheti na aliyetoa nyumba yake hapewi kitu. Leo vyeti ni viwili, na chako, Mama, kitatangulia.

Mwalimu hakuyahifadhi tu. Aliifungua mifuko iliyolowa, akaianika juu ya magazeti, akaandika upya vibandiko vilivyochujuka, na kila mfuko akauingiza katika daftari: kisima, kina, hali, tarehe, na nani ameuazima. Daftari lile jeusi lenye mgongo mwekundu ndilo tunaloliita daftari la visima. Mwanafunzi aliyetaka kuandika tasnifu alikuwa anafika pale gerejini Jumamosi, anapewa kiti, chai na kioo cha kukuzia, kisha anaulizwa anaona nini. Ukijibu kwa jina la kitabuni, Mwalimu alikuwa anakurudisha palepale: usiniambie linaitwaje, niambie unaona nini.

Kwa nini tunalishikilia sana jambo la daftari? Loperot hiyohiyo ina habari nyingine. Mwaka 1964 mtafiti James Mead alichimbua huko mabaki ya nyangumi, katika nyika iliyo zaidi ya kilomita 700 kutoka ufuo wa bahari wa leo. Mabaki yalipelekwa Marekani, kisha kwa miaka mingi watafiti wakawa hawajui yalipo, hadi yalipopatikana tena mwaka 2011. Makala iliyotoka mwaka 2015 ilieleza kwamba yana umri wa miaka milioni 17 hivi, na kwamba nyangumi yule alipanda mto kutoka Bahari ya Hindi wakati nchi yetu ilipokuwa bado chini, kabla nyanda za juu za Afrika Mashariki hazijainuka. Jibu la swali kubwa kiasi hicho lilikuwa limelala mahali fulani muda wote huo, likingoja mtu ajue limewekwa wapi. Mwalimu, kila ulipotusomea habari hiyo sauti yako ilibadilika, na sasa tunajua ulikuwa ukifikiria makasha yale uani na mvua.

Kuhusu safari tutasema machache, maana kila mmoja hapa ana yake. Basi huondoka Chiromo alfajiri, likapita Kiserian, likasimama Corner Baridi. Hapo Bonde la Ufa linafunguka chini yako, na Mwalimu alikuwa anatuacha tunyamaze kwanza. Kisha anatuonyesha jinsi ardhi ilivyokatika na kushuka kama ngazi kuelekea Magadi, na jinsi maji yanavyojikusanya kwenye kila ngazi yakawa ziwa. Huko Olorgesailie anatushikisha ule udongo mweupe mwepesi, ambao ni maganda ya viumbe wadogo wa ziwa lililokauka. Ndipo anapoihamisha akili yetu hadi Lokichar: ziwa kama hili, la zamani zaidi kwa mamilioni ya miaka, lenye kina na mwani mwingi, matope yake meusi yakafunikwa na mchanga wa mito, yakazama, yakapashwa joto polepole hadi yakatoa mafuta. Matope hayo ndiyo mwamba tunaouita Lokone, na Loperot-1 ndicho kisima kilichotuonyesha kwamba upo chini na una uwezo. Kisima kilichohesabiwa kuwa hasara mwaka 1992 kilikuwa kimeshatupa nusu ya jibu. Hilo alilifundisha gerejini wakati hakuna gazeti lililoandika neno Lokichar.

Tarehe 26 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki akatangaza kwamba kisima cha Ngamia-1, katika bonde hilohilo la Lokichar, kimepata mafuta. Siku ile simu yako, Mwalimu, haikupumzika. Wageni walitaka watu wanaolijua bonde lile, na watu walikuwapo. Walikuwa ni wale vijana wa Jumamosi. Baada ya Ngamia kikaja Twiga, kisha Etuko, Ekales, Agete, Amosing, Etom, na kwenye visima vile walikuwamo waliojifunza kuandika kibandiko cha mfuko kwenye magazeti yaliyotandazwa sakafuni kwako. Wewe uliombwa ushauri wa kulipwa, ukatoa, na sehemu ya malipo tukaiona katika hesabu za chama, imeandikwa kwa mkono wako: nauli za wanafunzi.

Ulipita pia shule za upili na baraza za wazee. Malori yalipoanza kubeba mafuta kutoka Lokichar kwenda Mombasa mwaka 2018, hadi shehena ya kwanza ilipoondoka bandarini Agosti 2019, watu waliuliza kwa nini mafuta yabebwe kwenye matangi ya kutunza joto. Ulikuwa unakwenda na kikombe cha samli. Unaiacha igande, unaipasha juu ya jiko, inakuwa maji. Nta ya mwani wa ziwa ndiyo inayofanya hivyo, unawaambia, na ndiyo sababu hata bomba la kilomita 1,443 la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa likiwa la kupashwa joto. Baada ya Sheria ya Petroli ya 2019 uliwasomea wazee mgawo uliomo, asilimia 75 kwa taifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali penyewe, ukawasubiri waulize mpaka waishiwe na maswali.

Na hukuwahi kuwaahidi utajiri. Ulipoulizwa lini, ulijibu kwa kutaja majirani. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Uganda walichimba kisima cha Waki mwaka 1938, wakatangaza mafuta ya kutosha biashara mwaka 2006. Wengine hapa tuliona majibu hayo yanakatisha tamaa. Tulikuwa vijana. Ulikuwa unatufundisha urefu wa kazi tuliyoichagua.

Mgeni wetu wa heshima, risala haikosi changamoto, na yetu tunakuletea wewe kwa sababu hatuwezi kukuficha. Ulipoomba kupumzika ukatibu, kiti kilikaa wazi miaka miwili. Kila mmoja alikuwa na kazi, mtoto mchanga, foleni ya Thika Road. Katika miaka hiyo miwili daftari la visima halikuandikwa mstari hata mmoja, na mifuko iliyoazimwa haikufuatwa. Tumeirudia orodha. Mingi imerudi, michache bado. Hatukuja kukupa sababu, tumekuja kukuambia kwamba kuanzia mwezi huu makatibu ni wawili, msichana na mvulana waliomaliza masomo mwaka jana. Wasimame, Mwalimu awaone. Wao ndio walioifuata mifuko hiyo nyumba kwa nyumba.

Maombi yetu ni matatu. La kwanza, uturuhusu tuchukue madaftari yako ya nyikani, tupige picha kila ukurasa, tuhifadhi nakala Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kisha tukurudishie mwenyewe mkononi. La pili, utuambie jina la yule mlinzi wa usiku ule. Daftari lako linasema tu "askari", na tunataka kumtafuta, au kuwatafuta watoto wake. La tatu ni lako, Mama: chama kimechanga, kidogo kidogo, na makasha yanahamishwa kutoka kwako kwenda chumba tulichokodi. Fundi atakuja Jumatatu kupaka gereji rangi. Rafu zitabaki, kama bado unazitaka.

Zawadi ya Mwalimu ni nyundo yake mwenyewe, ile aliyoisahau Magadi na ambayo tulidhani imepotea. Imetiwa mpini mpya wa mti. Kichwa hatukukigusa.

Safari ijayo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Basi litaondoka lango la Chiromo saa kumi na mbili asubuhi, na tutasimama Corner Baridi kama kawaida. Kiti cha mbele upande wa kushoto hatujamwandikia mtu mwingine.

Ahsante.

Risala imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya wanachama wote, Chiromo, Nairobi.