Puto halifundishi kuvuta pumzi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukuandikia, hata pale mlipochanganya majedwali ya matokeo ya darasa la saba. Lakini ile habari yenu ya wodi ya upasuaji, yenye picha ya mzee mwenye bandeji tumboni akipuliza puto jekundu huku akipigiwa makofi, imenishinda. Maelezo chini ya picha yalidai kwamba mzee huyo "anaimarisha misuli ya kupumulia". Haimarishi chochote kinachostahili makofi.

Misuli inayolemewa baada ya tumbo kupasuliwa, hasa sehemu ya juu, ni ile ya kuvuta hewa ndani, na mkubwa wao ni kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Baada ya operesheni, kiwambo huzubaa kwa siku kadhaa; maumivu humfanya mgonjwa apumue juu juu, vifuko vya hewa vya sehemu ya chini ya mapafu husinyaa, makohozi hutuama na nimonia hupata makao. Mazoezi yanayostahili jina hilo hufanywa kwa kuvuta pumzi kupitia kifaa kidogo chenye vali ya springi inayoleta ukinzani, ambao aghalabu huanzia kwenye asilimia 30 hivi ya nguvu za juu kabisa za mgonjwa mwenyewe za kuvuta hewa, kwa dakika 15 hadi 20 kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Na huanza kabla ya siku ya kisu.

Nasema kwa uchungu, kwa kuwa mwaka juzi mke wangu alipasuliwa tumbo kuondolewa kifuko cha nyongo katika hospitali ambayo sitaitaja. Alisubiri tarehe ya tiata kwa wiki 5, na katika wiki hizo tuliitwa mara 4: kupima damu, kulipia kitanda, kuambiwa kwamba daktari yuko semina, na kukabidhiwa orodha ya glovu, nyuzi na mpira wa mkojo tukanunue wenyewe. Hakuna aliyetamka neno moja kuhusu pumzi. Siku ya pili baada ya operesheni muuguzi alitoa glovu moja katika zile tulizonunua, akamwambia, "Mama, puliza hii kama puto," akaenda zake. Mke wangu, ambaye hata kucheka kulikuwa adhabu, alipuliza mara mbili, akaona kizunguzungu, akaificha chini ya mto. Siku ya nne alikuwa na homa, anakohoa huku ameshika tumbo kwa mikono miwili, nasi tukaongezewa siku 9 wodini, tukilipia sindano za antibiotiki. Nilipouliza mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, yuko wapi, nilijibiwa kwamba yuko jengo la mifupa, na huitwa "ikionekana kuna haja".

Hapo sijagusa neno "vumilia", ambalo wodi zetu huligawa bure mahali pa dawa ya maumivu. Mgonjwa aliyenyimwa sindano usiku kucha atavutaje pumzi ya kutosha asubuhi? Kila mbavu inapopanda, mshono unamkumbusha akae kimya.

Asiniambie mtu kwamba tatizo ni bei ya kifaa. Utafiti uliofanywa Australia na New Zealand kwa wagonjwa 441 na kuchapishwa mwaka 2018 haukutumia kifaa hicho: mgonjwa alikutana mara moja, kwa dakika 30, na mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya upasuaji wa tumbo la juu, akaelezwa kitakachoyapata mapafu yake na kufundishwa kuvuta pumzi ndefu za taratibu na kukohoa. Waliopata matatizo ya mapafu walikuwa asilimia 12, dhidi ya asilimia 27 ya waliopewa kijitabu tu. Mwaka huohuo utafiti wa nchi 25 za Afrika ulionyesha kwamba vifo vya wagonjwa wetu wa upasuaji ni takriban mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wenyewe ni vijana zaidi, na wengi hufia wodini baada ya operesheni. Wataalamu nao tunao. Mjini Moshi wamefundishwa kwa miongo mingi.

Basi karani anayedai nakala nne za kadi ya bima aongezewe kazi moja: asigonge muhuri wa tarehe ya tiata mpaka mgonjwa awe amekaa nusu saa na mtaalamu huyo, Jumanne saa nne asubuhi, kwenye benchi lilelile tulilokalia wiki 5, akiwa na khanga iliyokunjwa ya kukandamizia tumbo wakati wa kukohoa, na avute pumzi 10 ndefu karani akizihesabu. Maputo yapelekwe wodi ya watoto.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro