Kikao cha Jumamosi: Giants, Dodgers na kumbukumbu ya Willie Mays

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote na familia zenu.

Kikao chetu cha katikati ya msimu wa besiboli kitafanyika Jumamosi, tarehe 20 Julai 2024, saa nane mchana, katika ukumbi wetu wa kawaida hapa Oakland. Tutaanza kwa kumkumbuka marehemu Willie Mays, nyota wa zamani wa Giants (timu ya besiboli ya San Francisco), aliyefariki tarehe 18 Juni akiwa na umri wa miaka 93, siku mbili tu kabla ya Giants kucheza Rickwood Field, uwanja wa Birmingham, Alabama, alikoichezea timu ya Black Barons mwaka 1948. Kwa maoni yangu hajatokea mchezaji aliyekamilika kumzidi, hivyo naomba wazee waliomwona uwanjani watusimulie bila kuharakishwa.

Kisha tutajadili:
1. Mfululizo wa mechi za Giants dhidi ya timu ya Dodgers, unaoanza Jumatatu, 22 Julai, Los Angeles.
2. Nani abaki na nani aachiwe kabla dirisha la kubadilishana wachezaji halijafungwa tarehe 30 Julai.

Mchango wa chakula ni dola 15, na utapokelewa na mweka hazina. Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi jioni kama mtahudhuria, na mtakuja watu wangapi.